Shairi la mistari miwili limemkosesha binti yetu alama nane. Wajuzi wa fasihi tusaidiane

FundiWaSoweto

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine poleni na mvua. Mimi ni fundi cherehani hapa Soweto, Mbeya. Fasihi niliachana nayo kidato cha nne, kwa hiyo nikiteleza mnishike mkono.

Binti wa dada yangu yuko chuo huko Iringa. Kaja likizo, kashinda kwenye benchi langu la wateja kanuna. Kumdadisi, kumbe ni zoezi la shairi. Mtunzi ni Mmarekani, Ezra Pound, limechapwa 1913. Kichwa kinatuambia tuko kwenye kituo cha metro, ile treni ya Paris inayopita chini ya ardhi. Halafu linakuja shairi lenyewe, kwa tafsiri ya binti:

*Mwonekano wa nyuso hizi katika umati wa watu*
*ni kama petali za maua juu ya tawi jeusi lililolowa maji.*

Limeisha. Nikamwambia geuza karatasi, nyuma kweupe.

Swali lilikuwa: "Jadili maudhui ya shairi hili kuhusu maisha ya mjini." Binti akajibu kwamba halina ujumbe, ni picha tu, na picha yenyewe nzuri. Kapewa 2 kati ya 10, na pembeni kwa wino mwekundu: "Dhamira iko wapi? Msimamo wa mshairi je?"

Sasa mimi mambo ya chuo hayanihusu, ila hili shairi limenikaa kichwani. Jana nimeshona mfuko wa suruali ya mteja ukaangalia ndani nikiwa nalo. Linasema nini hasa?

SitiYaMbele

Nimekaa paleee na karanga zangu. Ngoja waje.

Mnyalukolo

Kamwene nyote.

Fundi, usihangaike, hilo si shairi. Shairi lina vina na mizani, lina beti, lina kituo. Hiyo ni sentensi moja imekatwa katikati. Hata mimi nikiandika "Wali umeungua, mama yuko kisimani" nipewe sifa? Mwalimu alikosea jambo moja tu, hizo alama 2 alizitoa za nini.

MwalimuMstaafu

Mnyalukolo, huo ugomvi tulishaugombana miaka ya sabini, Kezilahabi alipotoa diwani yake ya kwanza mwaka 1974 bila vina. Watu walinuniana kwenye mikutano na magazetini. Hatukuumaliza, tulichoka.

Fundi, nimelifundisha shairi hilo kwa miaka, acha nikupe historia yake, maana kwa hili historia inasaidia. Mwaka 1914 Pound alisimulia mwenyewe lilivyozaliwa. Alishuka kwenye treni kituo cha La Concorde. Ghafla akaona uso mzuri, kisha mwingine, na mwingine, kisha uso wa mtoto, kisha wa mwanamke tena. Siku nzima akatafuta maneno yanayofanana na kile alichokihisi, wapi. Jioni akirudi nyumbani kikamjia, lakini hakikuja kwa maneno, kilikuja kama mabaka ya rangi. Akaandika shairi la mistari 30, akaliharibu. Miezi sita baadaye akaandika lenye nusu ya urefu huo. Mwaka ukapita tena ndipo ikabaki hii miwili.

Kwa Kiingereza ni maneno 14. Tafsiri ya binti ina 19, na hayo yaliyozidi ndiyo yaliyomponza. Neno "kama" halimo kwenye shairi. Hata "ni" haimo. Hakuna kitenzi chochote. Mstari wa kwanza unaishia kwenye nukta mbili, halafu petali. Basi.

FundiWaSoweto

Mistari 30 mpaka 2! Mwalimu, hiyo ni suti imekatwa ikawa leso.

Ila nimekuelewa kwa lugha ya kazi yangu. Binti kachukua vitambaa viwili vilivyolazwa ubavu kwa ubavu mezani, akavipitisha kwenye cherehani. "Ni kama" ndiyo mshono. Pound kavilaza tu akaondoka.

Swali langu: kuna tofauti gani? Si maana ni ile ile, nyuso zinafanana na maua?

MwalimuMstaafu

Ukisema "kama" umeshamaliza kazi ya msomaji. Umemwambia hiki ni uso, kile ni ua, na vinafanana kwa uzuri. Anatikisa kichwa anapita. Ukiliondoa, anaona uso, halafu anaona petali, na hapo katikati hakuna aliyemshika mkono. Lazima aruke mwenyewe. Pound na washairi wenzake wa London, H.D. na Richard Aldington, walikubaliana mwaka 1912 kwamba kitu kielezwe chenyewe moja kwa moja na neno lisilo na kazi litolewe. Taswira kwao ni kile kinachokupa wazo na hisia kwa mpigo mmoja, ndani ya nukta moja ya wakati. Alijifunza pia kwa Wajapani, ambao haiku yao ina mizani 17 na mara nyingi huweka vitu viwili jirani vikatazamane.

KondaUyole

Samahanini wasomi, mimi napiga debe Uyole–Mbalizi, elimu yangu ya saba. Lakini hicho si kitendawili?

Bibi yangu alikuwa anatutegea: *Kuku wangu katagia mibani.* Sisi tunatoa mimacho, anasema nanasi. *Popoo mbili zavuka mto.* Macho. Hakuna "kama" hapo. Hasemi nanasi ni kama kuku. Anakupa kuku, unatafuta nanasi mwenyewe, na ukilipata unacheka maana kweli lile lidude linakaa kwenye majani ya miiba kama limeatamia.

Huyu mzungu kakigeuza tu. Kaanza na jibu, nyuso, akamalizia na fumbo, petali kwenye tawi. Kwa hiyo unabaki na fumbo mdomoni wakati jibu umeshalimeza.

MwalimuMstaafu

KondaUyole, nimefundisha miaka 31 na sikuwahi kuliweka hivyo. Nakupa mji.

KondaUyole

Nipe Mwanjelwa yote. Na stendi.

DadaWaNjombe

Habari zenu. Nimechelewa lakini nina la kusema juu ya neno la kwanza.

Binti kaandika "mwonekano". Neno lilikoharibikia ni hapo, hata kabla ya "kama". Neno la Kiingereza alilotumia Pound, *apparition*, lina pande mbili, ni kutokea kwa kitu ghafla, na pia ni kivuli cha mfu, mzimu umesimama mlangoni. "Mwonekano" ni neno la tangazo la vipodozi. Kiswahili kina neno linalobeba pande zote mbili: *mzuka*. Linatoka kwenye kuzuka, na kila mtu aliyelelewa kijijini anajua mzuka ni nini.

Ukishaweka mzuka, shairi linageuka. Hii treni inapita wapi? Chini ya ardhi. Sisi chini ya ardhi tunakuitaje? Kuzimu. Huko kuna mizimu. Umati umetoka kwenye mashimo, nyuso zimefifia, hazina miili, hazina majina. Wapo wasomi wanaomkumbuka hapo yule binti wa hadithi za Wayunani aliyenyakuliwa kwenda kuzimu akichuma maua. Mimi sihitaji kwenda Uyunani. Niko Dar sasa, napanda mwendokasi Kimara alfajiri. Watu wote wanatazama mbele, hakuna anayemtazama mwenzake. Nyumbani Njombe ukimpita mtu bila salamu anauliza umekosana naye nini.

Kwa hiyo mimi nasema shairi linaomboleza. Mji unawageuza watu kuwa mizuka.

KondaUyole

Dada, kwa vijana wa hapa ukisema "mzuka" wanaelewa muziki umekolea. "Mzuka wa nyuso hizi" watadhani ni shoo.

DadaWaNjombe

Hahaa. Basi na iwe hivyo, inaongeza upande wa tatu.

Mnyalukolo

Naomba kuuliza. Huyu Pound si ndiye aliyekuwa anatangaza redio Roma wakati wa vita akimsifia Mussolini? Leo tunamchambulia petali?

MwalimuMstaafu

Ndiye. Wamarekani walimkamata 1945, akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Washington hadi 1958, akafia Venice 1972. Aliyosema redioni yalikuwa machafu, chuki juu ya Wayahudi waziwazi. Shairi ni la 1913. Mimi huwaambia wanafunzi yote mawili siku moja, wabaki nayo.

MkulimaMbozi

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aulize swali la shamba, naona mmekaa na mizuka. Hilo tawi ni la mti gani?

Nauliza kwa sababu sisi Mbozi tunalijua. Kahawa hukaa kiangazi chote haina habari, vichipukizi vimefunga. Mvua ya kwanza ikishapiga, siku kama kumi hivi, unaamka shamba jeupe. Maua yamepanga mstari kwenye tawi, yameshikana vifundo vifundo, harufu yake inakufikia barabarani. Na gome la mkahawa likilowa hugeuka, si lile la kijivu tena, linakuwa jeusi kabisa. Siku mbili tatu, maua yamenyauka. Ukichelewa kwenda shamba hukuyaona mwaka huo.

Kwa hiyo dada yangu wa Njombe, mimi siwezi kusema ni maombolezo. Maua yakitoka shamba zima watu hutabasamu, maana ndiyo kahawa ya mwakani hiyo.

DadaWaNjombe

Kaka, kahawa ina majani. Tawi la kwenye shairi liko tupu, petali na weusi tu. Huo ni mpichi wetu. Mwezi wa nane Njombe hauna jani hata moja, maua ya pinki yamebandikwa kwenye kijiti kitupu, unaweza kudhani mtu kayafunga kwa uzi.

MkulimaMbozi

Mwezi wa nane kuna mvua Njombe?

DadaWaNjombe

Kuna ukungu, tena wa kudondoka. Tawi linalowa mpaka linatiririsha.

MkulimaMbozi

Haya, nimekubali nusu. Lakini kuna kitu wote tumekiruka. Hakusema maua, kasema petali.

Ua zima limeshikwa na kikonyo, liko hai, litazaa. Petali ni kipande kilichobanduka. Mvua ya usiku ikipiga shamba lililochanua, asubuhi unakuta vipande vyeupe vimegandia popote palipo na maji, kwenye tawi, kwenye majani, hata kwenye gambuti. Havijaota pale. Vimenatishwa na maji. Jua likitoka, tawi likikauka, vinadondoka vyote.

Sasa soma tena: petali, kwenye tawi lililolowa. Kwa nini liwe limelowa? Lingekuwa kavu zisingekaa.

SitiYaMbele

Karanga zimeisha. Endeleeni.

FundiWaSoweto

MkulimaMbozi umenimaliza. Nimeacha kazi nimesimama mlangoni.

Ngoja niwaambie kitu nilichokiona wiki iliyopita, sikujua kwamba kinahusika. Jioni, mvua ya Mbeya mnaijua, inashuka kutoka Loleza inakuja na baridi lake. Umeme ukakatika. Watu waliokuwa wanangoja gari wakajibanza chini ya bati la duka la jirani yangu, labda ishirini, giza totoro, huoni mtu, unasikia tu kukohoa na maji ya mfereji. Ikapita Coaster imewasha taa kamili. Ule mwanga ukawapitia mmoja mmoja kutoka kushoto: mama mwenye kilemba cha njano, kijana kavaa kofia ya sweta, mtoto mgongoni kafunikwa mpaka puani, mzee amefumba macho. Nyuso tu. Miili ilikuwa imemezwa na giza na makoti. Halafu gari likapita, giza likarudi, na hakuna aliyesema kitu.

Nilirudi ndani nikashindwa kumweleza mke wangu nilichokiona. Nikamwambia "kuna watu wengi nje". Akasema ndiyo, mvua.

Ukiniuliza kama ilikuwa nzuri au ya huzuni, siwezi kukujibu. Sikuwa na muda wa kuchagua, ilikuwa imeshapita. Ndiyo maana leo naona dada wa Njombe yuko sahihi na kaka wa Mbozi yuko sahihi, na mwalimu wa binti, kwa heshima zote, kauliza swali la shairi lingine. Ile orodha yetu ya shule, dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, ni futi nzuri ya kupimia riwaya. Huwezi kupimia shanga futi ya mita.

Ila na binti naye alikosea. Kusema "ni picha tu" ni kama mteja anayeniambia "ni shati tu". Angesema picha inafanya nini. Inakupa watu kwa sekunde moja halafu inawachukua, na mjini ndivyo tunavyopeana, kwa sekunde. Kijijini uso wa mtu unakuja na baba yake, na shamba lake, na deni lake. Mjini unakuja peke yake, umebanduka, umenatishwa pale na mvua.

MwalimuMstaafu

Ongeza na neno "hizi". Hakusema nyuso *zile*. Yumo ndani, hazitazami kwa mbali. Anasukumwa nao.

Mnyalukolo

Sawa, nimelala nikiliwaza, na nimekasirika maana halikuniacha. Nimekaa na dada yangu anayejua Kiingereza vizuri tukahesabu silabi. Kichwa cha shairi kina mizani 8. Nane! Kipande kamili cha shairi la Kiswahili. Mstari wa kwanza 12, wa pili 7. Kumbe huyu bwana alikuwa anahesabu, au masikio yake yalihesabu.

Basi nikajaribu, kwa mzuka wa dada wa Njombe na bila "kama":

*Mzuka wa nyuso hizi umatini:*
*petali kwenye tawi bichi, jeusi.*

Maneno kumi, yeye katumia 14. Mizani 12 kwa 12. Nani alisema Kiswahili kirefu?

DadaWaNjombe

Mnyalukolo! Jana "si shairi", leo umelitungia.

Nzuri. "Umatini" imeokoa maneno mengi. "Bichi" nimeipenda na ninaiogopa. Nguo mbichi ni nguo haijakauka, sawa. Lakini tawi bichi kwa wengi ni tawi lililo hai, halijawa kuni. Umelilowesha na ukalifufua kwa mpigo.

MkulimaMbozi

Mimi hiyo ndiyo naitaka.

DadaWaNjombe

Najua unaitaka. Pound hakuisema.

MwalimuMstaafu

Kuna jingine. Mnyalukolo kafurahia 12 kwa 12, lakini mstari wa pili wa Pound ni mfupi, unaanguka. Mwishoni kuna maneno matatu ya silabi moja moja, mazito, ni kama mtu anashuka ngazi tatu gizani. Wewe mistari yako iko sawasawa, imekaa kama ubeti. Mazoea hayo.

Mnyalukolo

Nikikata: *petali, tawi bichi.* Hiyo ni 7 kamili. Ila weusi umepotea. Nikiweka *petali: tawi jeusi* napata 8 na maji yamepotea. Kiswahili hakina rangi nyeusi ya silabi moja, nifanyeje?

FundiWaSoweto

Usikate weusi. Bila weusi petali hazionekani. Kitambaa cheupe nakichora kwa chaki ya bluu, cheusi kwa chaki nyeupe, rangi ya chini ndiyo inayofanya kazi. Na angalia, kwetu sifa inakuja nyuma ya jina. Yeye kamalizia na tawi, sisi tunamalizia na jeusi. Msomaji wetu anashika tawi kwanza, halafu linalowa mkononi mwake, halafu giza. Mimi naona si hasara.

Nimemwonyesha binti uzi huu. Kasoma wote kimya, akaomba kalamu. Kafuta "mwonekano", kafuta "ni kama", kafuta "za maua", akasema petali zingetoka wapi kama si kwenye maua. Mstari wa pili kaacha *petali, tawi bichi, jeusi*, mizani kumi, na kuhusu "bichi" anasema ataandika aya nzima kujitetea. Alama hatazirudishiwa, ila kazi nyingine ya muhula anaandika juu ya kitendawili kilichogeuzwa. KondaUyole, anauliza akutaje kwa jina gani.

KondaUyole

Aandike "konda mmoja".

Na mimi nimetunga ya kwangu leo alfajiri, gari limejaa wanafunzi, baridi, vioo vyote vimeziba. Kila mtoto anafuta kwa mkono aone kituo chake, akishuka anaiacha:

*Saa kumi na mbili, kioo cha Hiace:*
*viganja kwenye ukungu.*

Mnyalukolo

Dhamira iko wapi hapo?

KondaUyole

Imeshuka Mafiati.